Jengo la chuo ndani ya mteremko: Nakuru, udongo wa majivu na hesabu ya maji

Kila mwaka orodha za waliopata nafasi za vyuo vikuu zinapotoka, kuna nyumba za Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu zinazopata habari kwamba kijana wao anakwenda Njoro au Kabarak. Mzazi huuliza nauli, karo, baridi na chakula. Ni nadra kuuliza jengo atakalosomea na kulala mtoto limesimama juu ya nini. Si kosa lake. Sisi wa Pwani tumelelewa juu ya mwamba wa matumbawe na mchanga. Nyumba ikipasuka tunalaumu chumvi, nondo iliyoliwa na kutu, au fundi aliyepunja saruji. Ardhi yenyewe hatuishuku.

Katikati ya Bonde la Ufa, ardhi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Makala haya yanaeleza jinsi jengo kubwa, kama maktaba, maabara au bweni la chuo, linavyojengwa ndani ya mteremko katika nchi ya Nakuru, linashikiliwa na nini, na ni kitu gani huliangusha. Jibu la swali hilo la mwisho ni fupi, na msomaji alishike tangu sasa: mara nyingi ni maji.

Vyuo na vilima

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimezoea vilima. Makerere ilianza mwaka 1922 juu ya kilima cha Kampala. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia kilimani upande wa Ubungo mwaka 1964, na hadi leo ukisema "Mlimani" kila mtu ajua unakusudia wapi. Huko Nakuru, Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Kampasi yake kuu iko Njoro, kwenye nchi inayopanda kuelekea Mau. Kabarak nayo iko nje ya mji, upande wa kaskazini magharibi.

Mji wenyewe, uliopata hadhi ya jiji Desemba 2021, umebanwa. Kusini kuna ziwa na hifadhi yake. Kaskazini kuna Menengai, mlima wa volkano wenye shimo la upana wa kilomita 12 hivi kwa 8. Mji ukikua, majengo hupanda miteremko kwa kukosa pa kwenda.

Kuna njia tatu za kujenga mteremkoni. Ya kwanza ni kuliinua jengo juu ya nguzo na kuuacha mteremko ulivyo. Ya pili ni kukata upande wa juu na kujaza upande wa chini hadi upate uwanja wa tambarare. Ya tatu ni kulitia jengo ndani ya kilima: ghorofa ya chini huwa wazi mbele na kuzikwa nyuma, na anayetoka barabara ya juu huingia moja kwa moja ghorofa ya pili au ya tatu. Majengo ya umma hupenda njia hii ya tatu. Vyumba vya nyuma hubaki baridi, vitabu na mitambo hupata pahali pa kivuli, na anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuingia ghorofa mbili bila ngazi. Lakini ni njia inayomtaka mhandisi afanye hesabu ambazo jengo la tambarare halina.

Udongo uliotoka angani

Sehemu kubwa ya udongo wa Nakuru na jirani zake ulirushwa na volkano, ukatua tabaka juu ya tabaka: majivu, changarawe nyepesi, na yale mawe yenye vitundu ambayo mengine huelea majini. Chini yake kuna mwamba wa volkano, lakini kina chake hubadilika. Hapa uko karibu, hatua hamsini mbele umezama.

Udongo huu una tabia inayodanganya. Ukiwa mkavu hukatika wima kama halua na kusimama bila kushikiliwa. Fundi akiuona hivyo husema hapa pana nguvu. Ukilowa, kile kinachozishikanisha chembe zake hulegea, na tabaka lililobeba uzito kwa miaka linaweza kushuka kwa ghafla. Zaidi ya hayo, maji yakipata njia chini kwa chini, hubeba chembe laini moja baada ya nyingine na kuacha uwazi. Juu unaona nyasi, na chini pana pango. Siku ya mvua kubwa dari la pango huanguka.

Wakazi wa Nakuru wanayajua haya. Wanajiolojia wa Kenya wameandika kwa miaka mingi juu ya mipasuko na mashimo yanayofunguka katika eneo hilo wakati wa mvua na kuharibu nyumba na barabara. Machi 2018, upande wa Suswa, mpasuko mkubwa ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na picha zake zikazunguka dunia kwa maneno kwamba Afrika inapasuka mara mbili. Ni kweli kwamba bonde linapanuka, lakini kwa kasi ya milimita chache kwa mwaka. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba kilichoonekana siku ile ni kazi ya mvua: maji yaliukokota udongo wa majivu uliokuwa umejaa ndani ya ufa wa zamani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya jengo la mteremkoni ni kuchimba mashimo ya majaribio na kutoboa ardhi kwa mashine. Shimo moja katikati ya kiwanja halitoshi. Lazima yawe juu ya mteremko, katikati na chini, kwa sababu jengo moja linaweza kukanyaga tabaka tatu tofauti. Sampuli hupelekwa maabara kupimwa zikiwa kavu na zikiwa zimeloweshwa. Kipimo cha udongo mkavu peke yake, katika nchi ile, ni nusu ya habari.

Ukuta unaosukumwa

Ukuta wa kawaida hubeba uzito unaotoka juu. Ukuta wa nyuma wa jengo lililotiwa kilimani husukumwa kutoka ubavuni, mchana na usiku, kwa umri wote wa jengo.

Tuchukue mfano wa hesabu ya darasani, kwa udongo wa kawaida. Ukuta una kimo cha mita 3. Kila mita moja ya urefu wake husukumwa na udongo mkavu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 2.7 hivi. Ukiufanya kimo cha mita 6, wengi watadhani nguvu imekuwa mara mbili. La. Imekuwa mara nne, karibu tani 11. Ndiyo maana fundi aliyejenga ukuta mdogo ukasimama salama hawezi kuurefusha tu kwa uzoefu.

Kuna jambo la pili. Ukuta uliosimama peke yake, kama wa kando ya barabara, huweza kuinama kidogo sana mbele, na kule kuinama hupunguza msukumo. Ukuta wa jengo umeshikwa na sakafu za ghorofa, hauwezi kusogea, na kwa hivyo msukumo wake huweza kufika mara moja na nusu ya ule wa kwanza. Nguvu hiyo lazima ipate pa kwenda. Hupita kwenye sakafu za zege, ambazo hapa hufanya kazi ya mihimili ya kukinga, huingia katika kuta nzito zilizopangwa kutoka nyuma kwenda mbele, kisha hushuka ardhini. Mchoro ukionyesha ukumbi mpana ulio wazi mbele, wenye vioo vitupu na hauna kuta hizo za kukingama, mtu ana haki ya kuuliza kilima kinazuiwa na nini.

Mhandisi hukagua mambo manne. Ukuta usiteleze. Usipinduke. Ardhi iliyo chini ya wayo wake isizame. La nne ndilo husahaulika: mteremko mzima usiondoke pamoja na jengo. Ukuta unaweza kuwa imara kabisa na bado ukashuka bondeni ukiwa mzima, kwa sababu tabaka lililoteleza lilikuwa chini ya msingi.

Hesabu ya maji

Turudi kwenye ule ukuta wa mita 3, uliosukumwa kwa tani 2.7. Ziba njia za maji nyuma yake, mvua inyeshe hadi udongo ujae maji mpaka juu. Msukumo unafika karibu tani 6. Ukuta ni uleule, zege ni lilelile, nondo ni zilezile, na mzigo umezidi mara mbili.

Hii ndiyo sababu matundu yale madogo unayoyaona kwenye kuta za kuzuia udongo ni sehemu ya nguvu ya ukuta. Nyuma ya ukuta uliojengwa vizuri kuna tabaka la kokoto safi, kitambaa maalumu kinachopitisha maji na kuzuia chembe za udongo zisiondoke, na chini kabisa bomba lenye vitundu linalopeleka maji nje. Ukuta wa jengo hupakwa kizuizi cha unyevu upande wa nje, na matundu hayatobolewi kuingia chumbani, kwa hivyo bomba lile la chini ndilo tegemeo. Juu ya mteremko huchimbwa mtaro wa kuyakata maji kabla hayajafika. Maji ya paa nayo hukusanywa na kupelekwa mbali, kwa sababu paa la jengo la chuo, mvua moja kubwa ikinyesha, humwaga maji ya kujaza matangi mengi. Kuyaacha yadondoke kwenye udongo wa majivu kando ya msingi ni kuulowesha msingi kwa mkono wako mwenyewe. Mabomba ya maji safi na taka hupewa maungio yanayoweza kujongea kidogo, ili ardhi ikishuka yasipasuke na kuvuja chini kwa chini bila mtu kujua.

Tena maji ya hatari si yale ya kiwanjani tu. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba lililokuwa juu ya makazi ya Solai, katika kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyojikusanya juu ya bonde yalishuka kwa kishindo pamoja na matope na mawe, na watu wasiopungua 45 wakafa. Katika misiba yote miwili, waliokufa hawakuwa wamefanya kosa nyumbani mwao. Hatari ilikuwa juu yao, nje ya ua wao. Anayejenga mteremkoni lazima apande mpaka kileleni atazame: kuna bwawa, kuna kalvati lililoziba, kuna mfereji ulioelekezwa kwake na jirani?

Nusu mwamba, nusu kifusi

Njia ya kukata na kujaza ina mtego wake. Upande wa juu, jengo hukalia ardhi iliyokaa maelfu ya miaka. Upande wa chini, hukalia kifusi kilichomwagwa mwezi uliopita. Upande mmoja haushuki, mwingine unashuka, na jengo linapasuka katikati.

Dawa zake zinajulikana. Kifusi hushindiliwa kwa matabaka membamba, ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likipimwa kabla ya lingine kuwekwa. Au msingi wa upande wa chini hupelekwa kina kirefu, kwa nguzo zinazopita kifusi na majivu hadi mwambani, ili miguu yote ya jengo ikanyage kitu kimoja. Au jengo refu hugawanywa vipande kwa mwanya uliopangwa tangu mchoroni, kila kipande kishuke kwa kadiri yake bila kukivuta kingine. Mwanya huo si ufa, na asije msimamizi akaujaza saruji kwa kudhani anafanya usafi.

Nguzo fupi hufa kwanza

Bonde la Ufa ni nchi ya matetemeko. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga bonde la Subukia, kaskazini mwa Nakuru, na kupasua ardhi kwa zaidi ya kilomita 30. Wakati ule watu walikuwa wachache na nyumba nyingi zilikuwa nyepesi. Leo pale pale kuna miji, shule na majengo ya ghorofa.

Jengo la mteremkoni lina udhaifu wake wakati wa tetemeko. Nguzo za upande wa chini ni ndefu, za upande wa juu ni fupi. Mtu angedhani fupi ndizo salama. Kumbe nguzo yenye nusu ya urefu wa mwenzake, unene ukiwa mmoja, ni ngumu kupinda mara nane. Ardhi ikitikisika, nguzo ngumu hukusanya nguvu karibu yote, huku ndefu zikiyumba tu. Fupi hukatika kwanza. Na kwa kuwa upande mmoja wa jengo ni mgumu na mwingine laini, jengo lote hujisokota. Wahandisi hutibu hili kwa kusawazisha ugumu: kuongeza kuta za zege upande wa chini, kufunga pete za nondo karibu karibu katika nguzo fupi, na kuunganisha misingi yote kwa mihimili ya ardhini ili isiachane.

Tangu mwaka 1973 Kenya ina mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko, kwa hivyo elimu haikukosekana. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 nazo zimepisha Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024. Juu ya hizo kuna idhini ya kaunti, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na tathmini ya mazingira chini ya NEMA. Karatasi zipo. Linalobaki ni je, aliyetia saini alikwenda kiwanjani, na alikwenda mara ngapi?

Kuchimba ndiyo saa ya hatari

Jengo likikamilika, sakafu zake hushikilia kilima. Kabla ya hapo kuna miezi ambayo mteremko umekatwa na hakuna cha kuushika, na chini yake kuna vibarua. Ndipo vifo vingi vya kazi hii hutokea. Utaratibu salama ni kuchimba kutoka juu kushuka, kwa vipande vifupi, kila kipande kikishikizwa kabla ya kingine kuguswa: kwa vyuma virefu vinavyopigwa ndani ya udongo na kufunikwa zege la kunyunyiza, kwa gabioni zilizojaa mawe, au kwa kuacha ngazi za udongo badala ya ukuta wima. Kifusi hakirundikwi ukingoni, na lori haliegeshwi pale.

Majira nayo ni muhimu. Sisi hungoja masika yapite tukajua mvua kubwa imekwisha. Nakuru si hivyo. Baada ya masika ya Machi hadi Mei, Agosti nayo kule huwa na mvua, na Novemba tena. Aliyepanga ratiba ya uchimbaji kwa kalenda ya Mombasa atalipia.

Maswali ya mzazi, na ya mwenye kiwanja

Huhitaji shahada kulitazama jengo. Siku ya kumpeleka mtoto, zunguka upande wa nyuma, ule usiopigwa picha. Mitaro iko wazi au imejaa takataka na nyasi? Matundu ya ukuta yana dalili ya kutoa maji, au yamezibwa? Ukuta umevimba tumbo au umeinama? Miti na nguzo za ua zimelala kuelekea bondeni? Kuna ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha, na umewekewa alama ya tarehe ili ukuaji wake ujulikane, au umepakwa rangi tu? Milango ya ghorofa ya chini inakwama wakati wa mvua? Ufa mwembamba wa plasta si msiba. Ufa unaopanuka kila msimu ni ujumbe, na wa kuupokea ni mhandisi, kabla ya mpaka rangi.

Maswali haya si ya bara peke yake. Kuanzia Mazeras, Rabai na Ribe hadi milima ya Taita, watu wetu wanakata vilima wajenge. Kule ardhi si matumbawe tena, na mazoea ya kisiwani hayafai. Tunaona kuta za mawe za mita nne zilizojengwa kwa jicho la fundi, bila tundu hata moja, na juu yake shimo la choo. Zitasimama kiangazi chote, na mwenyewe atawaonyesha wageni. Hesabu yake itakuja siku mvua ikinyesha siku tatu mfululizo.

Kujenga ndani ya kilima si ujinga wala ushujaa. Ni kukubali kubeba mzigo usioonekana, na kuendelea kuubeba kila siku baada ya sherehe ya ufunguzi. Gharama ya mtaro na bomba ni ndogo mno ukilinganisha na ya jengo lote, na gharama ya mtu mmoja mwenye jembe wa kuuzibua kila kabla ya mvua ni ndogo zaidi. Lakini katika bajeti za taasisi nyingi za umma, ukarabati ndio wa kwanza kukatwa. Chuo kinachomlipa mtu huyo kwa wakati kimefanya kazi ya uhandisi. Kile kinachongoja ufa kwanza kimewaachia wanafunzi wake deni, na hao wanafunzi ni watoto wetu.